Maji Hayajafika kwenye Jiwe

Mwanamke mmoja wa milimani Upare alikuwa na mimba ya kwanza, na kitalu cha maharage chini ya ndiva. Jina lake Nakijwa, mke wa Mbonea. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo lililochimbwa kwa mikono, lenye ukuta wa udongo na mawe. Kijito cha huko juu ni chembamba. Kikiachwa kishuke chenyewe, mfereji hukinywa chote kabla hakijafika shambani. Kwa hiyo watu hukielekeza ndivani kikakusanyika humo usiku kucha, na asubuhi hung'oa kizibo cha mti kilicho chini ya ukuta, maji yakashuka kwa nguvu hadi kitalu cha mwisho. Kwenye ukuta, upande wa ndani, kuna jiwe jeupe. Maji yakiligusa, ndiva imejaa. Kabla hayajaligusa, hakuna mwenye ruhusa ya kushika kizibo, hata kama shamba lake linaungua.

Mlinzi wa ndiva hiyo alikuwa baba mkwe wake, mzee Kiondo. Wageni walimdhania mvivu. Kila siku ya zamu aliamka mapema, akautembea mfereji wote toka juu mpaka chini, akitoa majani, akiondoa tope na mawe. Kisha alirudi juu, akalitazama jiwe, akang'oa kizibo, akayafuata maji taratibu na jembe begani. Hakuyasukuma. Mara nyingi jembe lilirudi nyumbani kavu. Lakini ukingo ulipobomoka, jembe lilishuka begani papo hapo, wala mzee hakuitisha kikao.

Mimba ya Nakijwa ilipofika miezi mitano, mzee alikwenda msibani Same, na zamu ya familia ikaangukia siku hiyo hiyo. Nakijwa akapanda ndivani peke yake. Jua lilikuwa limeshachomoza, maharage yalikuwa kwenye maua, na maji yalikuwa chini ya jiwe kwa shibiri mbili. Yalikuwa yametulia kimya. Aliyatazama kitambo, akaona yamelala tu, hayana safari. Akang'oa kizibo. Maji yalishuka kwa kelele nzuri, naye akayafuata akicheka. Yakanywesha kitalu cha kwanza. Yakalowesha cha pili. Yakafia katikati ya cha tatu. Cha nne, kilichokuwa cha mama mkwe wake, hakikupata tone.

Mama mkwe huyo aliitwa Nanzia, na msimu ule alivuna sufuria moja. Hakugomba. Ila kila alipopika maharage alimpakulia mkwewe kijiko kimoja, akisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba yangekuwa mengi, bahati mbaya maji hayakufika kwenye jiwe. Nakijwa alikula kwa aibu. Baada ya wiki kadhaa za mzaha huo, wakawa wanacheka wote wawili.

Aibu ile ilimkaa vizuri. Siku ya kliniki alimwambia Nesi Namsifu, mkunga wa zahanati ya kijiji, kwamba angependa kujifungua kwa nguvu zake mwenyewe, bila kuharakishwa, na bila kuchomwa wala kukatwa pasipo sababu. Nesi hakumcheka wala hakumsifu. Alimpima presha, akampima damu, akamgusa tumbo na kuona mtoto amelala kichwa chini, akamuuliza maswali mengi. Kisha akakubali kwa sharti moja: siku akisema gari la kwenda hospitali, ni gari, na hapo hawatabishana. Nakijwa akasema sawa, na alikuwa anasema kweli.

Basi akaanza kusafisha mfereji wake. Jioni alipanda kilima na kushuka. Alipalilia akiwa amechuchumaa badala ya kuinama. Alikula mboga, akameza vidonge vya kuongeza damu ambavyo hakuvipenda. Alijifunza kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kila kilichomtisha alikiuliza, hata yale ambayo wanawake husema kwa kunong'ona, mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Alimwonyesha Mbonea mahali pa kukandamiza kiunoni, na Mbonea akajizoeza kwa bidii nyingi mno, hata ikabidi akumbushwe kwamba ule ni mgongo wa mtu, si unga wa kukanda. Na kwa kuwa desturi yao ni wanawake wa ukoo kuja wote siku ya uzazi, kila mmoja na shauri lake, Nakijwa aliomba aje mmoja tu. Alimchagua Nanzia. Wengi walishangaa, Nanzia mwenyewe akiwa wa kwanza.

Uchungu ulianza Alhamisi alfajiri. Yeye, Mbonea na Nanzia walikwenda zahanati kwa miguu, wakisimama kila ulipokuja na kuendelea ulipopita. Asubuhi yote ulikuja na kwenda. Nakijwa aliegemea dirisha, akayumba, akapumua, akanywa uji, akasinzia kidogo katikati. Adhuhuri ulitulia kidogo. Nesi alisema hilo huwa linatokea, mtoto anajipanga. Akatoka kwenda chumba cha pili kunawa mikono.

Hapo Nanzia akashikwa na woga. Mtoto wake wa kwanza alikaa njiani siku mbili, akatoka kimya. Habari hiyo hakuwa ameisimulia hata kwa mkwewe, lakini kila alipoona uzazi unatulia, aliikumbuka. Alifungua pindo la kanga, akatoa kibuyu kidogo. Ndani yake kulikuwa na dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu. Aliichemsha mwenyewe jana yake, kwa upendo wote alionao. Akamwekea mkwewe mkononi, akamsihi anywe funda moja tu, limalizike.

Nakijwa alikishika kibuyu. Alikuwa amechoka, na funda moja si kitu kikubwa. Moyo wake ulilitaka lile funda, tuseme ukweli. Akasikia tumbo lake limetulia kimya, akakumbuka maji mengine yaliyotulia hivyo hivyo, na jinsi alivyoyadhania yamelala.

"Mama," akasema, "maji hayajafika kwenye jiwe."

Nanzia alisimama kama aliyeitwa kwa jina. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalia, na kilio kile kilikuwa cha mtoto wa zamani kuliko cha huyu anayekuja. Nakijwa akamshika mkono. Nesi aliporudi aliwakuta hivyo, akakiona kibuyu, akaelewa, naye hakumkaripia mtu. Alichukua kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akasikiliza. Kisha akamwita Nanzia naye aweke sikio. Nanzia akausikia moyo wa mjukuu wake ukienda mbio, imara, bila kusita. Maishani mwake hakuwa amewahi kusikilizishwa moyo wa mtoto aliye tumboni. Alitoka nje akaimwaga ile dawa chini ya migomba, akarudi na mikono mitupu.

Nesi akaketi kwenye kigoda. Kila baada ya muda alisikiliza tena, akaandika, akaketi. Begi lake la vifaa lilikuwa karibu na mguu, limefungwa. Nanzia alilitazama begi lile kwa muda mrefu, akamkumbuka mumewe kwenye mfereji, jembe likiwa begani, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka.

Alasiri uchungu ulirudi, safari hii kwa nguvu nyingine. Chupa ikapasuka. Hakuna aliyempigia Nakijwa kelele asukume. Mwili wake ulijua saa yake, na alipochuchumaa akimshika mama mkwe shingoni, alitoa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. Iliuma. Iliuma sana, wala hakuna anayewaambia kwamba haikuuma. Lakini hakuiogopa. Mtoto alishuka kwa mwendo wake, akalia, akawekwa kifuani. Begi lilifunguliwa kwa kazi ndogo tu ya kufunga kitovu na kukikata, likafungwa tena. Mbonea, aliyekuwa amekanda kiuno toka asubuhi, alikaa sakafuni akatabasamu peke yake.

Alikuwa msichana, wakamwita Nanzia, jina la bibi yake, kama ilivyo desturi. Kesho yake mzee Kiondo alikuja kumwona. Alimtazama mjukuu, akamtazama mkwewe aliyekuwa anakula bakuli zima la maharage, limejaa mpaka juu. Bibi ndiye aliyempakulia. Mzee alichukua jembe lake akaenda zake mferejini, nalo likarudi nyumbani kavu.

Nanyi mnaosikia, hakuna aliyewakataza kubeba jembe. Ila wewe uliyesimama leo kando ya jambo lililotulia, mkono wako ukiwa tayari kwenye kizibo, hebu niambie: ni jambo lenyewe lililochelewa, au ni woga wako wa zamani unaokuharakisha?