Nisindikize, Nikusindikize

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, walilima mashamba na walisalimiana vizuri kuliko baadhi yenu mlioketi hapa, kulikuwa na vijiji viwili. Kimoja kiliitwa Kilasara, kingine Mdundani. Katikati yake palikuwa na kichaka.

Msinitazame hivyo. Sisemi kile kichaka mnachojificha mkiitwa kuchota maji. Huu ulikuwa mwitu wa mikwamba na upupu, umesukana kama mkeka kutoka mtoni hadi mlimani. Mtu wa Kilasara aliyetaka kwenda Mdundani ilibidi auzunguke mlima. Mwenye mbio alitumia siku nzima. Bi Kobe alitumia siku nne.

Na Bi Kobe ndiye aliyekuwa mkunga. Mkunga pekee wa vijiji vyote viwili, naye aliishi Mdundani.

Kule Kilasara aliishi Nguchiro na mkewe. Nguchiro mnamjua: mdogo, mwembamba, macho mekundu, mkia juu, hatulii. Yeye peke yake aliweza kujipenyeza kwenye vitundu vya kichaka kile, kwa hiyo kila salamu na kila habari ilipita kwake. Mwaka juzi mkewe alishikwa na uchungu, Nguchiro akajipenyeza, akamwita mkunga. Bi Kobe akauzunguka mlima mbio, mbio za kobe. Alifika siku ya nne. Mtoto alikuwa ameshazikwa.

Sasa mkewe alikuwa mjamzito tena.

"Safari hii njoo mapema, bibi," Nguchiro alimwomba Bi Kobe. "Uje ukae kwetu usubiri."

"Mjukuu wangu, nina waja wazito watatu huku. Nikikaa kwenu, hawa nimwachie nani? Fungueni njia. Mkifungua njia, asubuhi natoka, adhuhuri nimefika."

Basi likapigwa baragumu la msaragambo. Mnajua msaragambo? Kazi ya wote, asiyefika anasemwa kisimani mwaka mzima. Wakaja akina Sungura na panga lao moja, akina Digidigi, akina Kanga, Nungunungu na shoka. Wakakata siku mbili. Wakapata njia ya hatua tano, na wote wakarudi nyumbani wakijikuna.

"Hii kazi ni ya Mzee Tembo," akasema Nungunungu.

Nguchiro akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tunakuomba kwenye msaragambo."

Tembo alikuwa anatafuna muwa. Akautafuna mpaka ukaisha. "Njia ya nini? Mimi nikitaka kwenda Mdundani, napita tu. Ninapopita ndiyo njia."

"Wewe ndiyo, mzee. Sisi je?"

"Nyinyi zungukeni."

Nguchiro akajipenyeza hadi Mdundani, kwa Bwana Kifaru. Huyo hata salamu hakuimaliza. "Msaragambo? Mimi? Na pembe hii? Toka! Fffuu!"

Nguchiro akatoka. Akakaa chini ya mkwamba, akalia kidogo. Ndiyo, alilia, mambo ya mkewe yalimtisha. Halafu akafuta macho, akaanza kufikiri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Katika vijiji vile kulikuwa na desturi moja kubwa kupita zote: mgeni akiondoka, sharti asindikizwe. Na anayesindikiza harudi mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Hapa panatosha." Ukirudi kabla hajasema, huna adabu. Tembo na Kifaru walikuwa wagumu kwa kila kitu, lakini adabu zao walijivunia kama mtu anavyojivunia kanzu mpya.

Nguchiro akarudi kwa Tembo siku hiyohiyo.

"Mzee, nimesikia neno Mdundani, lakini siwezi kulisema."

"Basi usiliseme."

"Haya, mzee. Kwaheri."

"Ngoja! Neno gani?"

"Bwana Kifaru anasema watu wa Kilasara hamjui kusindikiza. Eti mgeni kwenu huachwa mlangoni kama muuza ufagio. Eti mkimsindikiza mnamtanguliza mbele, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Wao Mdundani hutembea bega kwa bega na mgeni."

"Kifaru? Kasema hivyo?" Masikio ya Tembo yalipiga: pa! pa! "Aje hapa! Aje aone anavyosindikizwa!"

Nguchiro akajipenyeza tena, moja kwa moja hadi kwa Kifaru. "Bwana, Mzee Tembo anasema watu wa Mdundani hamjui kusindikiza. Eti mgeni kwenu huachwa mlangoni kama muuza ufagio."

"Fffuu! Mimi!"

"Nenda kamtembelee, bwana, ukaone wao hufanyaje. Ila uangalie. Akikusindikiza, usiseme 'panatosha' njiani. Atatangaza kwamba unaionea haya nyumba yako, hukutaka afike."

"Mimi nione haya? Kesho alfajiri naenda!"

Na akaenda. Kwaruu! Paa! Kwaruu! Kifaru alipita kichakani kama ng'ombe anavyopita kwenye shamba la jirani. Lakini mikwamba ni mikwamba. Alipopita ililala, na alipokwisha kupita ikainuka tena.

Tembo alimpokea kwa mikono miwili, naam, angekuwa na mikono. Maji, muwa, maboga, kivulini pazuri. Walipomaliza, Kifaru akasema, "Naomba ruhusa niondoke."

"Nakusindikiza," akasema Tembo, akajiweka ubavuni mwake. Bega kwa bega.

Wakaingia kichakani wawili, upana wa nyumba. Paa! Kwaruu! Paa! Walifika pale ambapo mtu wa kawaida husema panatosha. Kifaru kimya. Tembo anamtazama kwa pembe ya jicho. Kifaru kimya. Wakaenda.

Katikati ya kichaka palikuwa na kichuguu kikubwa.

"Tangulia," akasema Tembo.

"Hapana, tangulia wewe."

"Samahani, mgeni hutangulia."

"Samahani, mkubwa hutangulia."

Wakasimama pale muda wa kuchemsha maharage. Mwishowe wakazunguka wote upande mmoja, wakisukumana, bega kwa bega.

Wakafika mlangoni kwa Kifaru. Tembo akashusha pumzi. "Basi, bwana, nimekufikisha. Kwaheri."

"Kwaheri?" akasema Kifaru. "Umefika mlangoni kwangu, wewe ni mgeni! Mgeni wangu aondoke bila maji? Bila kusindikizwa?"

Tembo alitaka kukataa. Lakini akamkumbuka muuza ufagio. Akaketi, akanywa maji. Kisha Kifaru akamsindikiza kurudi Kilasara, bega kwa bega, na Tembo naye akafa na tai yake shingoni, hakusema panatosha. Wakafika mlangoni kwa Tembo.

Na aliyefika mlangoni ni nani, watoto? Ni mgeni. Maji! Muwa! Ruhusa! Nakusindikiza!

Siku ya kwanza walipita mara nne. Mazungumzo yalianza na mvua, yakaja mazao, yakaja ndugu na jamaa. Siku ya pili ndugu waliisha.

"Enhe," anasema Tembo.

"Enhe," anajibu Kifaru.

Mke wa Tembo aliwaona wakitokea tena, akaweka mtungi chini. "Mmerudi tena? Maji ya kijiji yote mnayamaliza nyinyi!"

"Nyamaza, mke wangu, tuna mgeni."

Usiku ulipoingia kila mmoja alilala alipokutwa. Siku ya tatu miguu ilikuwa imevimba na mikwamba ilikuwa imechoka kuinuka. Upupu uligeuka vumbi. Wale wawili hawakuona kitu, maana kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake mdomoni, akisubiri lile neno.

Siku hiyohiyo ya tatu, asubuhi, mke wa Nguchiro akashika kiuno. "Mume wangu, leo."

Nguchiro hakujipenyeza. Alikimbia katikati ya njia, mkia juu, jua linampiga mgongoni, hadi kwa Bi Kobe. "Bibi! Leo! Na njia ipo!"

"Tangulia ukachemshe maji," akasema Bi Kobe. "Mimi nakuja." Akajifunga kanga, akachukua kifurushi chake, akatoka.

Karibu na kichuguu akawakuta mabwana wawili wanakuja, bega kwa bega, vichwa chini.

"Nipisheni, wanangu, nina mzazi."

Wakampisha. Tembo akaganda. "Bibi, wewe umepita wapi?"

"Hapa njiani."

"Njia gani?"

"Hii mnayoikanyaga, mwanangu. Sijui nani kaitengeneza, lakini Mungu ambariki, na miguu yake mikubwa."

Tembo akatazama mbele. Kifaru akatazama nyuma. Njia nyeupe, pana, imenyooka, isipokuwa pale kwenye kichuguu.

"Kifaru," akasema Tembo polepole, "wewe ulisema sisi hatujui kusindikiza?"

"Mimi? Si wewe ndiye uliyesema?"

"Nani kakuambia?"

Wakajibu pamoja: "NGUCHIRO!"

"Leo namkanyaga!" akanguruma Kifaru. "Fffuu! Namlaza kama karatasi!" Wakageuka wote wawili kuelekea Kilasara, wakachomoka mbio, vumbi juu!

Hatua tatu tu. Mbele yao alikuwa Bi Kobe. Na adabu inasemaje? Mkunga akiwa njiani, hapitwi.

Basi wakamfuata nyuma. Mwendo wa kobe. Kifaru anatoa moshi puani, anainua mguu, anasubiri kuushusha.

"Polepole huko nyuma," akasema Bi Kobe bila kugeuka. "Mnanitimulia vumbi."

"Samahani, bibi."

Wakaenda. Bi Kobe akaanza kuongea, kama wazee wanavyoongea njiani. "Mzazi mwenyewe ni mke wa Nguchiro. Mwaka juzi niliuzunguka mlima ule. Nilikwenda usiku na mchana, wanangu, nikafika siku ya nne. Nikakuta kaburi dogo, hivi. Mama yake hakunilaumu. Alinipa maji, akanisindikiza hadi mlimani, na huku anatoka damu."

Baada ya hapo Kifaru hakutoa moshi tena.

Walifika adhuhuri. Bi Kobe akaingia ndani, akafunga mlango. Mabwana wawili wakasimama uani. Wakasimama sana. Ndani kilio cha mama. Halafu:

"Nyee! Nyee! Nyeee!"

"Msichana!" sauti ya Bi Kobe. "Na mapafu anayo! Mnamwitaje?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo, lakini hata uani ilisikika. "Pili."

Pili, watoto. Yaani wa pili. Kwa sababu yule wa kwanza naye alikuwa mtoto wao. Kifaru akainamisha pembe yake hadi chini, akajifanya anatafuta kitu mchangani.

Mlango ukafunguka, Nguchiro akatoka anacheka na kulia. Akaiona miguu minane. Kicheko kikakata.

"Shikamooni," akasema.

Wakamsogelea.

Angeweza kukimbia. Vitundu vya kichaka bado vilikuwepo pembeni, na hakuna aliyemzidi kwa kujipenyeza. Lakini ndani kulikuwa na mkewe na Pili, na nyumba ya fito haiwezi kukimbia. Akaingia, akatoka na kata mbili za maji, yanamwagika njiani.

"Karibuni maji. Ni kweli, mimi ndiye niliyewadanganya. Wote wawili."

Wakanywa. Kifaru akaweka kata chini. "Naomba ruhusa niondoke."

"Tutamsindikiza," Tembo akamwambia Nguchiro. "Mimi na wewe."

Wakaondoka watatu, Nguchiro katikati. Bega kwa bega, kama alivyowafundisha mwenyewe, ila bega lake lilikuwa kwenye kucha zao. Hatua moja ya Tembo, ishirini zake. Akakimbia. Akahema. Hakuthubutu kuuliza wanampeleka wapi. Moyoni alisema: wananipeleka mbali, mke wangu asisikie.

Wakafika kwenye kichuguu. Kifaru akasimama, akainua mguu wake mmoja mkubwa. Nguchiro akafumba macho.

Mguu ukashuka taratibu, kando yake.

"Hapa panatosha," akasema Kifaru.

Neno lile! Siku tatu halikumtoka mtu, na leo limetoka kwenye mdomo wa Kifaru.

"Rudi nyumbani, Baba Pili. Ila ukininong'oneza tena jambo, nakukanyaga."

Nguchiro alifumbua macho. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita Baba Fulani. Akageuka, akakimbia, mkia juu.

Tembo na Kifaru wakabaki wanatazamana pale kwenye kichuguu.

"Nikusin—" akaanza Tembo.

"La!" akasema Kifaru. Na kila mmoja akaenda kwake bila kugeuka.

Njia ile ipo hadi leo. Ni pana, imenyooka, ina kona moja tu, na watu wa kule wanaiita Kona ya Samahani. Mkipita, muwapishe wakunga.

Funzo lake ni hili: mtu akikugusa penye majivuno yako, kabla hujasimama kujibu, tazama kwanza miguu yako inakwenda kufanya kazi ya nani.

Mimi nimewafikisha. Hapa panatosha, rudini mkalale.