Uzito wa Mtoto Uliokataa Kubadilika

Soma taratibu mpaka mwisho, kisha mpelekee mwenzako ambaye kazi imemchosha.

Mwombeki alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Ndiye aliyetengeneza ile inayotumika kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inapiga hesabu ya dawa.

Muuguzi Nashivai alimpigia simu mara tatu. "Kaka, nikirekebisha uzito, haubadiliki."

"Dada, hujabonyeza kuhifadhi. Jaribu tena," Mwombeki alijibu, mara zote tatu. Programu hiyo ilikuwa imemlia mwaka mzima, na hakutaka hata kuisikia.

Mara ya nne akaenda mwenyewe. Nashivai, miguu imemvimba kwa zamu mbili mfululizo, hakubishana. Alifungua faili la mtoto aitwaye Tunu, akafuta kilo kumi na tisa zilizoandikwa kimakosa siku ya kulazwa, akaandika tisa, akahifadhi. Akafunga. Akafungua tena.

Kumi na tisa.

"Na dawa?" Mwombeki aliuliza.

"Mashine inataka apewe zaidi ya mara mbili ya anayostahili."

"Umempa?"

Nashivai akamwonyesha kitanda. Pale kwenye chuma palibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: KILO 9. USIFUATE KOMPYUTA. Karibu kila kitanda kilikuwa na plasta yake, maana watoto hupimwa upya mara kwa mara na kompyuta ilibaki na uzito wa zamani.

"Wiki ya tatu hii napiga hesabu kwa mkono," alisema. "Nimechoka, kaka."

Mwombeki akaketi, akaipekua programu yake. Faili la mtoto lilipoombwa vipimo, halikutoa vipimo vyenyewe, lilitoa nakala. Uzito mpya uliandikwa kwenye nakala, kisha nakala ikatupwa. Faili lenyewe halikuguswa.

Lakini kilichomchoma ni kwamba alikumbuka. Siku alipoandika sehemu ile, kompyuta ilikataa, ikamwonya kuwa anabadilisha nakala. Kwa uchovu wake, aliiweka ile nakala pembeni, akaipa jina, akairekebisha huko huko. Onyo likatoweka. Akadhani ametengeneza, kumbe alikuwa amelinyamazisha tu.

Akaongeza mstari mmoja: nakala ikisharekebishwa, irudishwe kwenye faili. Nashivai akaandika tisa, akafunga, akafungua.

Tisa.

"Nisamehe, dada. Uliniambia mara tatu."

Nashivai hakutabasamu. "Sawa. Sasa kaa hapo hapo. Kuna watoto ishirini na sita wa kurekebisha, na mimi siwezi kusimama tena."

Akavuta kiti, akawa anamsomea uzito wa mtoto mmoja mmoja. Mwombeki akaandika, na kila alipoandika alifungua tena kuhakikisha.

Funzo: Ukirekebisha nakala bila kuirudisha mahali pake, hujarekebisha kitu. Na anayekuonya usimnyamazishe kwa sababu umechoka, maana uchovu wako utabebwa na mtu mwingine aliyechoka kukuzidi.