Nani Awe Somo wa Mtoto wa Havijawa?

Sogeeni karibu, na simu zenu zilazeni kifudifudi.

Havijawa wa Majengo alikuwa na marafiki watatu.

Riziki alijua kuchagua. Katika takataka zote za mtandaoni aliokota makala moja yenye maana kila Ijumaa, akaituma kwenye kundi la wanawake wa mtaa: wiki hii ya afya, wiki ijayo ya namna simu inavyotutenga na wenzetu.

Chiku alijua kusoma. Maneno ya daktari yakipita kinywani mwake yalitoka kama maneno ya jikoni. Wavivu wa kusoma aliwarekodia sauti.

Mwamvita hakuwemo kundini. Yeye alijua kubisha hodi. Usipoonekana bombani asubuhi, jioni yuko mlangoni kwako.

Basi, Havijawa akiwa na mimba ya miezi minane, Riziki alimchagulia makala ya dalili za hatari kwa wajawazito. Havijawa hakuifungua. Alijibu kama alivyojibu kila kitu: picha ya maua na “Ahsante, shoga.”

Chiku akairekodi. “Uso ukivimba, kichwa kikiuma mpaka uone vimulimuli, usikandwe, usingoje. Hospitali!” Havijawa alisikiliza huku akipepeta mchele. Vimulimuli alikuwa akiviona tayari, akasingizia moshi wa kuni. Akatuma maua mengine. Marafiki wakaona maua, wakatulia.

Mwamvita hakuyaona maua. Aliona tu kwamba Havijawa hakuja bombani. Alimkuta chini, kichwa amekifunga kanga, uso umeumuka kama andazi.

“Uchovu huo. Ngoja nichemshe maji nikukande.”

Hapo sauti ya Chiku ikamrudia Havijawa. “Nisikandwe, dada. Hospitali.” Lakini miguu ilikataa. Mwamvita akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha bajaji.

Huko hospitali mtoto akatoka salama, wa kike. Mama naye akapona.

Sasa, kwao mtoto wa kike hupewa jina la somo wake, naye somo ndiye atakayemfunda akivunja ungo. Somo ni mmoja. Wawili hawajawahi kuwa.

Siku ya kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina, wote watatu walikuja mapema mno.

“Bila mimi mngekuwa mnasoma umbea wa wasanii,” alisema Riziki.

“Makala yako ilikuwa imelala, bibi wee. Nani aliiamsha?”

“Na sauti yako, Chiku, ilimbeba?” Mwamvita akacheka. “Mgongo wangu unauma mpaka leo.”

“Wewe si ulitaka kumkanda! Ungemkanda mpaka kaburini!” akadakia Chiku.

Kicheko kikakatika. Havijawa alimhamisha mtoto bega hili, akamrudisha lile. Akatazama mlango, akatazama mkeka, popote ila nyuso zao. Hawa ndio aliowategemea tangu mumewe aende kazini mbali. Akimtaja mmoja, je, wawili watarudi tena kwake? Na asipotaja, mwanawe atakua bila wa kumfunda.

Mama mkwe akaupangusa wembe. “Shehe anangoja, mwanangu. Jina?”

Havijawa akafungua kinywa.

Enyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, msaidieni: Riziki, Chiku, au Mwamvita? Je, kinywa kile kingekuwa chako, ungemtaja nani?