Breka Isiyovaa Ndala

Palikuwa na bwana mmoja ambaye bomba la bafuni kwake lilikuwa linang'ata. Msicheke, bomba hilo wengine mnalijua. Ukiwasha hita upate maji ya moto, ukagusa chuma, mkono unaruka wenyewe kama umeitwa jina. Mimi nimelala nyumba za wageni kutoka Tunduma hadi Bukoba, na kitambi hiki mnachokiona kimechezeshwa ngoma na mabomba ya kila mkoa.

Familia ile ilikuwa na dawa yake: ndala. Jozi moja ya ndala za mpira ilikaa mlangoni mwa bafu, na mgeni akiomba kuoga aliambiwa kwa upole, "Vaa hizo, na bomba ulifunge kwa taulo. Linang'ata kidogo tu." Kidogo! Watoto wa nyumba ile walijua kuvaa ndala kabla ya kujua kusali.

Siku moja mkewe akamwambia, "Baba watoto, mama anakuja. Mimi simkaribishi mama yangu kwa kumtisha na bomba. Tafuta ile breka ya kukata umeme unaovuja."

Bwana akaenda dukani. Mwenye duka, mama mmoja ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia, akamuuliza, "Boksi lako la umeme ni la aina gani?"

"La ukutani."

"Baba, hiyo ni kama kuniambia gari lako lina magurudumu. Nenda kafungue kifuniko, ulipige picha ndani. Breka haichaguliwi kwa kugongwagongwa kama tikiti. Isiposhikana na boksi lake, itakaa pale kama pambo, na siku ya shida haitakujua."

Akaenda, akapiga picha, akarudi. Akapewa inayolingana na boksi lake, yenye nguvu ya kubeba hita, ya kukata waya zote mbili kwa pamoja, wa kwenda na wa kurudi. Akaifunga mwenyewe, maana alikuwa fundi wa kila kitu, hasa vile asivyovijua. Ikakaa kama jino kwenye ufizi. Mkewe kwa furaha akazitupa zile ndala jalalani.

Kesho yake mama mkwe akafika. Binti yake alipokwenda sokoni kutafuta kuku, yule mama akasema angependa kuoga, vumbi la safari limemchosha. Bwana akawasha hita. Ta! Breka ikakata. Akairudisha, ikakata. Akaibembeleza, ikakata. Akaitukana, yale matusi madogo ambayo mzee wa kanisa anasamehewa, ikakata. Aibu gani hii, mkwe akose maji ya moto? Akazima swichi kubwa, akaing'oa breka mpya, akairudisha ile ya zamani, isiyo na maneno. Hita ikawaka. Ile mpya akaitia mfukoni, akapanda bodaboda kwenda kuirudisha.

"Mama, umeniuzia mbovu. Nikiwasha hita tu, inakata."

"Na bomba lako likoje?"

"Linang'ata kidogo. Lakini sisi tumezoea, tunavaa ndala."

Yule mama akamtazama, akaitazama breka. "Kwa hiyo nyumba nzima imevaa ndala isipokuwa hii. Ndiyo maana umeifukuza."

Bwana akacheka. Kisha akakumbuka. Ndala zilikuwa jalalani.

Akampigia mkewe. "Mama ameshaoga?"

"Nimeongea naye kwa simu sasa hivi, ndiyo anaingia. Kwani vipi? Si umefunga breka?"

Akakata simu. Akampigia mama mkwe. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Jamani, kwao mkwe hata kumpa mkono ni mtihani. Kumtajia kuoga? Fedheha ya ukoo mzima. Ndiyo maana asubuhi ile alishindwa kutamka maneno mepesi: "Mama, usiguse bomba." Heshima ilimziba mdomo. Sasa niambieni, ni heshima gani hiyo inayomchimbia mtu kaburi?

Bodaboda ya kumrudisha nyumbani ilikuwa haijasimama vizuri alipoiruka. Akasikia maji yanamwagika bafuni. Akalivamia boksi, akaibwaga swichi kubwa. Umeme ukakatika. Akasubiri. Maji tu.

"Mama!" akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Mama, usiguse bomba!"

Maji yale yale. Kisha sauti, kali: "Nani kazima umeme? Nina povu machoni!"

Akakaa chini pale pale.

Mama mkwe akatoka amejifunga kanga, povu sikioni. Miguuni alikuwa na ndala! Zake mwenyewe, alizokuja nazo kwenye mkoba. Zimelika kisiginoni mpaka nyama ya mguu inakanyaga sakafu.

"Mkono ulikuwa unakwenda kulifunga bomba," akasema.

"Mama, ulijuaje kuja na ndala?"

Yule mama akainamisha macho. "Mimi siogi bila hizi, mwanangu. Tangu uliponifungia ile hita kule nyumbani. Bomba la kule linang'ata. Niliona haya kukuambia, wewe ni mkwe wangu."

Ndugu zangu, bwana yule alikuwa akidhani ni nyumba moja tu yenye shida.

Breka ilirudishwa mahali pake, hita ikafunguliwa, waya uliochunika ukaonekana. Hita zote mbili, ya hapa na ya kule kwa mama.

Na sisi je? Tunayajua mabomba ya wenzetu; tunanong'onezana, "Ukienda kwa fulani, vaa ndala." Lakini ni nani anayevaa ndala anapokuja kwako? Watoto hunyamaza wakisikia geti linafunguliwa. Ni adabu ile, au ni ndala? Mkeo anakutafutia saa nzuri ya kusema neno. Ni mapenzi, au ni ndala? Na yule mmoja anayekataa, anayekata kila ukizidisha, si ndiye tunayemwita mbovu?

Leo ukifika nyumbani, kabla ya kuosha mikono, uliza: "Jamani, mimi nang'ata wapi?" Mimi nimewahi kuuliza kwangu. Mke wangu akaomba kwanza aletewe kiti.

Uliza hivyo hivyo. Na atakayekujibu, nakusihi, usimng'oe.