Tangazo la Nusu Bei

Kibarazani, tovuti ya habari ya Mashavu pale Korogwe, ilikuwa ikila, ikinywa na kulipa umeme kwa tangazo moja tu: la Bwana Shekiondo, tajiri wa magodoro. Na tajiri alilijua hilo vizuri. Siku moja akaingia ofisini, akaketi bila kukaribishwa.

"Binti, kuanzia leo nalipa nusu. Hutaki, naondoka na tangazo langu."

"Sawa, mzee wangu," akasema Mashavu kwa adabu zote. "Basi tupunguze vitu. Rangi?"

"Toa! Nyeusi na nyeupe zinatosha."

"Picha ya magodoro?"

"Toa. Weka sura yangu, mji mzima unanijua."

"Maneno?"

"Machache. 'Asanteni kwa miaka thelathini ya kuwa pamoja.'"

"Kuna fremu nyeusi, hiyo ni bure."

"Bure? Weka nene!"

Kesho yake asubuhi simu ya Mashavu ikalia. Nyuma ya sauti ya Shekiondo vilisikika vilio na kelele za masufuria.

"Mashavu! Watu wametandika mikeka nyumbani kwangu! Shemeji zangu wameleta gunia la mchele, na mmoja ananiuliza mimi mwenyewe kaburi lichimbwe wapi!"

"Pole sana, mzee wangu."

"Usinipe pole! Tangaza kwamba niko hai!"

"Natangaza sasa hivi," akasema Mashavu. "Ila la nusu bei umeshaliona. Tangazo la mtu aliye hai lina rangi, mzee, na rangi ni bei nzima."