Sanda ya Eufemia

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nasi twapokea kama walivyotuachia, kwamba zamani, Wanubi walipokuwa wangali Wakristo kando ya mto Nili, aliishi binti mmoja jina lake Eufemia. Alipenda sala kuliko chakula. Tangu utotoni moyo wake ulikuwa kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa juu ya kilima, na watu wa mji wakasema huyu amechaguliwa na Mungu. Watu wa mji, kama tujuavyo, ni wepisi sana wa kumsemea Mungu.

Kisha baba yake, mzee Kosma, akashikwa na ukoma. Desturi yao ilikuwa nzito: mwenye ugonjwa huo alilazwa kanisani akiwa hai, akafunikwa sanda, padri akamsomea sala za maziko, ndipo akatolewa nje ya mji kwenye kibanda cha udongo. Tangu siku hiyo alihesabiwa maiti. Chakula aliwekewa juu ya jiwe, na aliyekileta aliondoka kabla mgonjwa hajatoka.

Eufemia alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipeleka chakula kile kwa muda, akilia njia nzima. Mwisho akamwachia jirani kazi hiyo, akapanda kilimani.

Mama Irini, mkuu wa watawa, akamwuliza swali aliloulizwa kila mwenye kubisha pale: "Unatafuta nini, binti yangu?"

"Namtafuta Mungu, mama."

"Na huko nyuma umemwacha nani anayekuhitaji?"

"Sina mtu. Baba yangu amekwisha kuzikwa."

Kwa desturi ya mji wake, hakusema uongo. Mama Irini akamhurumia, na tangu jioni ile watawa wakawa wanamwombea marehemu Kosma pumziko la milele, ilhali marehemu mwenyewe ameketi mlangoni pa kibanda chake akiitazama njia. Eufemia aliitikia "Amina" pamoja nao. Naona haya hata kulisimulia.

Siku ya nadhiri ikafika. Katika nyumba ile, mwenye kuweka nadhiri alilazwa mbele ya altare, akafunikwa sanda na kusomewa sala za maziko, kwa kuwa ameufia ulimwengu. Kisha mkuu alimfunua, naye akainuka mtawa. Eufemia akalala. Sanda ikamfunika uso, pumzi yake ikamrudia yenye joto. Akazisikia sala, nazo ni zilezile alizosomewa baba yake, yeye akiwa amesimama pembeni. Hapo ndipo alipotambua kwamba chini ya sanda mtu husikia kila kitu. Baba yake alisikia. Alisikia hata nyayo za binti yake zikitoka kanisani kabla sala hazijakwisha.

Akaketi kabla hajafunuliwa. "Mama, nimekudanganya. Baba yangu yu hai."

Watawa wakaacha kusoma. Mama Irini akasema huku machozi yanamtoka, maana alimpenda: "Basi nadhiri yako iko huko, mwanangu. Hapa sina ya kukupa."

Mzee Kosma alipomwona anakuja, aliinua mikono yake isiyo na vidole. "Usisogee! Mimi ni maiti, mwanangu. Rudi kwa walio hai."

"Hata mimi nimesomewa leo, baba. Maiti hawakatazani."

Maisha yao hayakuwa matamu. Maumivu yalimfanya mzee kuwa mkali, na ziko siku alimfukuza kwa matusi. Kila alfajiri kengele ya kilimani ililia, na Eufemia alisimama na kitambaa cha vidonda mkononi mpaka inyamaze, roho ikimuuma. Sala alizozipenda alizisali akiosha vidonda, na mara nyingi hakuhisi chochote. Hakuna malaika aliyemtokea. Alivumilia tu.

Kosma alipofariki, padri alikataa kumzika, akisema alikwisha kumzika. Eufemia akapanda kilimani, akabisha. Mama Irini alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri.

"Unatafuta nini, binti yangu?"

"Sanda, mama. Ya baba."

Mama Irini akaenda akaileta ile ya altareni. Hawakuwa na nyingine. "Sasa hakuna wa kukuzuia," alimwambia. "Lakini ukirudi kuweka nadhiri, tutakufunika na nini?"

"Vibandani wamebaki wagonjwa wengine, mama. Na mimi nilikwisha kufunikwa."

Ndugu zangu waamini, tunamsumbua Mungu usiku na mchana kumwuliza wito wetu ni upi, na huku twalijua vizuri jiwe ambalo tumeacha kuliwekea chakula. Kama Eufemia alipata furaha, mimi sijui, waliotusimulia hawakusema. Walisema tu kwamba alimzika baba yake kwa mikono yake mwenyewe, akamsomea zile sala, na safari hii hakuondoka mpaka zilipokwisha.