Baba Mdomo

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na baba!
Alikuwa wapi? Eheee, hapo ndipo mnaponyamaza!

Zamani, zamani sana, Hondohondo na mkewe walihamia kwenye tundu la mti. Desturi ya ndege hawa ni hii: mama anaingia ndani kutaga, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba tu, na baba ndiye mlishaji.

Na alilisha, jamani! Asubuhi kuyu, tunda la mkuyu, mchana kuyu, jioni kuyu. Anaingiza mdomo, anaacha kuyu, huyoo, keshaondoka!

Wakaanguliwa watoto wawili. Mama akaita ufani, "Baba watoto, wasemeshe wanao."

"Kwani kuyu sijaleta?"

Siku ya pili, "Wasemeshe wanao, hata sauti yako hawaijui."

"Kwani kuyu sijaleta?"

Siku ya tatu, "Wasemeshe..."

"Mke wangu, kuyu linasema lenyewe!"

Watoto wakakua, chakula kikawa hakitoshi. Mama akatoka kusaidia kutafuta, watoto wakauziba tena mlango kwa ndani. Mama anaruka anageuka, anaruka anageuka. "Msimfungulie mtu! Ila mimi na baba yenu! Mmesikia? Msimfungulie!"

Kumbe chini ya mti kajificha Kicheche, mnyama mla vifaranga, naye kasikia. Akatafuta pembe iliyopinda kama mdomo wa Hondohondo, akachomeka kuyu kwenye ncha, akaipenyeza ufani, kimya. Kisha akagonga: ko, ko, ko.

"Ni baba! Anataka kuingia!" Watoto wakaanza kubomoa.

Mara Hondohondo huyo, anarudi. "Wanangu, acheni! Baba ni mimi!"

"Muongo! Baba yetu hasemi. Baba yetu ni mdomo tu!"

Wakazidi kubomoa. Udongo unadondoka, Kicheche anameza mate. Hondohondo akamvamia, Kicheche akamtolea meno. Baba analia, "Ni mimi, wanangu, ni mimi!" Nao ndani ko ko ko!

Mama akatokea. "Wanangu!"

Neno moja tu. Hakuna aliyedonoa tena.

Midomo miwili ikamshukia Kicheche, akakimbia na nusu ya mkia.

Hondohondo akasogea ufani, hajui aanzie wapi. "Ee... kuyu la leo mmelionaje?"

"Chachu, baba. Siku zote ni chachu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungemwambia nani? Ulikuwa umeshaondoka."

Tangu siku hiyo akileta kuyu anakaa, anauliza, anaimba, na anaimba vibaya kweli! Kicheche akarudi na pembe yake. Watoto wakauliza kutoka ndani, "Jana baba kaimba nini?" Pembe itajibu nini?

Basi, enyi kina baba, tonge humshibisha mtoto, lakini hamfanyi akujue. Anakujua ukikaa naye.

Hadithi yangu naizibia hapa, ufa nimeuacha. Wewe baba uliyekaa kule nyuma karibu na mlango, hebu sogea, mwanao yuko huku mbele!